Maombi Mangapi Yatosha? Hesabu ya Mwombaji wa Chuo cha Udaktari wa Mifugo

Mtu atakaye kuwa daktari wa mifugo nchini Marekani hana njia ya mkato. Baada ya masomo ya chuo kikuu ya miaka mitatu au minne, hana budi kuomba nafasi katika chuo cha udaktari wa mifugo, na akiipata husoma miaka minne mingine. Vyuo hivyo ni vichache kwa nchi kubwa kama ile. Vyenye ithibati ni zaidi kidogo ya 30, ilhali majimbo ni 50. Na yako majimbo, kama Wyoming, yasiyo na chuo hata kimoja. Basi swali linalomkabili kila mwombaji ni hili: apeleke maombi katika vyuo vingapi?

Si kila mahali swali hili huachiwa mwombaji. Nchini Uingereza utaratibu wa taifa wa kuomba vyuo humruhusu kuchagua vyuo visivyozidi vinne vya udaktari wa mifugo. Huku kwetu, wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, yaani tangu 1963 hadi 1970, fani hii ilifundishwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Hapakuwa na la kuchagua. Marekani hakuna mpaka wa namna hiyo. Fomu moja hujazwa kwa huduma ya pamoja iitwayo VMCAS, nayo hupelekwa katika vyuo vingi kadiri mwombaji awezavyo kulipia, maana kila chuo kinachoongezwa huongeza ada.

Wengi huamini kwamba kadiri maombi yanavyozidi ndivyo bahati inavyozidi. Hebu tuipime imani hiyo kwa hisabati. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila chuo mwombaji ana uwezekano wa asilimia 20 wa kukubaliwa. Uwezekano wa kukataliwa na chuo kimoja ni 0.8, wa kukataliwa na viwili ni 0.8 mara 0.8, yaani 0.64. Kwa hiyo uwezekano wa kukubaliwa angalau na kimoja kati ya viwili ni asilimia 36. Tukiendelea hivyo, vyuo vitano hutoa asilimia 67, na vyuo 10 asilimia 89. Msomaji ataona kwamba faida hupungua kila hatua: chuo cha pili kiliongeza asilimia 16, lakini cha kumi huongeza chini ya asilimia 3, na ada yake haipungui kwa sababu hiyo.

Hata hivyo hesabu hiyo ina kasoro kubwa kuliko hiyo ya faida kupungua. Imechukulia kwamba uamuzi wa kila chuo ni jambo huru, kama kurusha dadu upya. Sivyo ilivyo. Vyuo vyote husoma faili lile lile: alama zile zile, barua zile zile za wadhamini, saa zile zile za kazi alizofanya mwombaji kati ya wanyama. Dosari iliyomfanya akataliwe na chuo cha kwanza huenda ikamfuata hadi cha kumi.

Tuchukue waombaji wa aina mbili walio sawa kwa idadi. Nusu yao wana faili zuri, na uwezekano wao katika kila chuo ni asilimia 40. Nusu nyingine wana upungufu ambao hakuna chuo kitakachousamehe. Uwezekano wao ni sifuri. Wastani wa kundi zima ni asilimia 20, kama hapo kwanza. Lakini sasa, kila mmoja akiomba vyuo vitano, watakaopata nafasi ni asilimia 46 ya wote, wala si 67. Wakiomba vyuo 10, ni karibu asilimia 50, wala si 89. Yaani maombi matano ya ziada yameleta nyongeza isiyofika asilimia 4, na yote imewaangukia wale wenye faili zuri, ambao kwa vyuo vitano tu walikwisha kufikia asilimia 92. Wale wengine wamelipa ada mara 10 bila faida yoyote. Fedha hiyo na mwaka huo vingewafaa zaidi kwa kurudia somo la kemia au kupata uzoefu katika zahanati ya mifugo.

Kwa hiyo mwenye busara hutazama kwanza ni vyuo gani, ndipo ahesabu ni vingapi. Vyuo vya umma aghalabu hutenga sehemu kubwa ya nafasi kwa wakazi wa jimbo lao, na hutoza wageni karo kubwa zaidi. Ombi moja katika chuo cha jimbo lako laweza kuwa na uzito kuliko matatu ya mbali. Tena masomo yanayotakiwa hutofautiana: chuo kimoja hudai biokemia, kingine hudai takwimu au lishe ya wanyama. Kuomba mahali ambapo somo moja la lazima limekosekana ni kununua sifuri. Na chuo ambacho mwombaji hawezi kumudu karo yake, hata kwa mkopo, hakiongezi chochote katika hesabu, kwa kuwa atakapokubaliwa atalazimika kukataa.

Wingi wa maombi hurudi pia kuvisumbua vyuo vyenyewe. Mtu mmoja aliyekubaliwa na vyuo vitatu hushikilia nafasi tatu, naye atakalia moja tu. Ndiyo sababu vyuo huweka orodha ya wanaosubiri, na tarehe 15 Aprili imewekwa kuwa siku ya mwisho ya mwombaji kutoa uamuzi wake. Nafasi zilizoachwa siku hiyo ndizo wapewazo walio katika orodha.