Pampu mbili na kisima kimoja: kwa nini mhandisi ajifunze riba

Tuanze na jaribio dogo. Kijiji kina kisima kirefu na kinataka pampu. Mhandisi ni wewe, na mezani una machaguo mawili:

Pampu ya dizeli: kununua na kufunga ni shilingi milioni 6, halafu mafuta na matengenezo ni milioni 4 kila mwaka.

Pampu ya sola: milioni 24 mwanzoni, halafu laki 5 tu kila mwaka.

Zote zinatoa maji kiasi kilekile, na zote tunazipangia miaka 10. (Namba ni za mfano tu.) Utachagua ipi?

Wengi wetu tuliosoma uhandisi tutakimbilia kujumlisha. Dizeli: 6 + 40 = milioni 46. Sola: 24 + 5 = milioni 29. Sola imeshinda kwa milioni 17, kazi imeisha, twende tukanywe chai.

Ngoja kwanza. Ukijumlisha hivyo umechukulia kwamba shilingi ya leo na shilingi ya mwaka wa kumi ni kitu kimoja. Sivyo. Weka leo shilingi 1,288,000 mahali panapolipa riba ya 12% kwa mwaka, usiziguse, na baada ya miaka 10 utakuta kama milioni 4. Maana yake, bili ya milioni 4 ya mwaka wa kumi, ukiipima leo, ni kama milioni 1.29 tu. Hiyo ndiyo inaitwa thamani ya sasa. Kuipata ni rahisi: kwa riba ya 12%, gawanya kiasi kwa 1.12 mara nyingi kama miaka ilivyo. Na usichanganye na mfumuko wa bei. Hata bei zisipopanda kabisa, hela uliyo nayo leo inaweza kufanya kazi, ya mwaka wa kumi bado.

Sasa turudie hesabu. Kwa riba ya 12%, kulipa milioni 1 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 10 ni sawa na milioni 5.65 za leo. Kwa hiyo:

Dizeli: 6 + (4 × 5.65) = milioni 28.6
Sola: 24 + (0.5 × 5.65) = milioni 26.8

Sola bado inaongoza, ila ile milioni 17 imebaki 1.8. Je, kama kijiji kinakopa kwa 18%? Ile 5.65 inashuka hadi 4.49:

Dizeli: milioni 24.0
Sola: milioni 26.2

Dizeli imeshinda! Jua ni lilelile, kisima ni kilekile, pampu hazijaguswa. Kilichobadilika ni riba peke yake, na mpaka wenyewe uko kati ya 14% na 15%. Vijiji viwili jirani vinaweza kupata mashine tofauti kwa sababu kimoja kimepata mkopo nafuu na kingine hakikupata. Hicho cha pili ndicho kitakachotafuta milioni 4 za mafuta na matengenezo kila mwaka, na mwaka zikikosekana, akina mama wanarudi na ndoo mtoni.

Hoja hii si ngeni. Mwaka 1877 mhandisi wa reli wa Marekani, Arthur Mellen Wellington, alichapisha kitabu kizima juu ya uchumi wa kuchagua njia ya kupitisha reli: gharama ya kujenga iwekwe kwenye mizani pamoja na gharama ya kuendesha treni miaka yote ijayo. Mwaka 1930 Eugene Grant akatoa kitabu cha kufundishia uchumi wa uhandisi, na somo likapata umbo ambalo vyuo vingi wanalifuata hadi leo.

Shida ni namna tunavyolifundisha. Mara nyingi uchumi unakaa kwenye kozi yake ya pembeni: mwanafunzi anakariri fomula, anafaulu, anasahau. Pampu anasoma chumba kingine, kwa mwalimu mwingine. Kumbe swali la riba lingeweza kuulizwa palepale kwenye somo la pampu, maana linageuka kuwa swali la usanifu. Kwa mfano: kwa riba ya 18%, sola ifungwe kwa bei gani ili ishinde? Piga hesabu, utapata kama milioni 21.7. Basi una lengo: punguza milioni 2.3, labda kwa tangi kubwa zaidi na paneli chache, au kwa kupunguza msuguano kwenye mabomba. Na kama haiwezekani, unajua kwamba kinachotakiwa ni mkopo wa bei nafuu, na ukamwambie hivyo anayetoa hela.

Kwa hiyo ukiandika ripoti yako ya mradi wa mwaka wa mwisho, ongeza jedwali moja dogo: gharama ya kila chaguo kwa riba ya 8%, 12% na 18%. Mshindi akiwa yuleyule kote, pendekeza bila wasiwasi. Akibadilika, andika wazi anabadilikia wapi, ili wanakijiji wajue kabla hawajasaini.