Priorat: udongo "mubaya" wenye kutembelewa

Wasomi wenzetu, siku mukipata nafasi ya kufika Hispania, musiishie Barcelona. Mufike Priorat, eneo ndogo ya vijiji na divai huko Catalonia.

Muanze na Scala Dei, magofu ya monasteri ya watawa Wakartusia ya karne ya 12. Ndio walieneza mizabibu pale. Mu 1835 walifukuzwa. Baadaye filoksera, kadudu kenye kushambulia mizizi, ikaua mizabibu, na watu wengi wakahama.

Kisha muangalie chini. Udongo unaitwa llicorella: mawe meusi yenye kukatika bapa bapa. Rutuba iko kidogo sana, na mizizi inashuka mbali mu nyufa kutafuta maji. Ndiyo maana muti unazaa kidogo, lakini zabibu iko na ladha nzito. Miteremko ni mikali, kwa hiyo kazi nyingi ni ya mikono. Kule juu munaona kuta za mawe za Montsant, hifadhi tangu 2002.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wachache, kati yao René Barbier na Álvaro Palacios, walikuja kulima miteremko ile. Leo divai yake inauzwa bei kali.

Basi, agronoma, mbele ya kusema udongo ni mubaya, uliza kwanza: mubaya kwa zao gani?