Shanga za Mama wa Kimasai Jukwaani Paris

Mama msomaji, umewahi kusikia gauni lililopewa jina la "Kitu"? Lipo. Na jingine linaitwa "Kusudi". Magauni hayo hayakushonwa Mwanjelwa wala Kariakoo. Yalishonwa Paris, Ufaransa, katika nyumba ya mitindo ya Christian Dior, yakaonyeshwa Januari 1997. Katika onyesho hilo mabinti walipita mbele ya matajiri na waandishi wa habari wakiwa na magauni marefu ya hariri, na shingoni wamejaa mikufu ya shanga, tabaka juu ya tabaka, kama ile ya mama zetu wa Kimasai.

Dior ilikuwa inatimiza miaka 50 tangu onyesho lake la kwanza la Februari 1947. Mbunifu alikuwa mgeni kazini, John Galliano, Mwingereza aliyezaliwa Gibraltar, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa hapo. Alichanganya mambo mengi: enzi za bibi zao wa Ulaya, nakshi za Kichina, na shanga za Afrika Mashariki. Wengi walimshangilia. Wengine walisema amezidisha. Machi ya mwaka huohuo mcheza sinema Nicole Kidman alivaa gauni moja la mkusanyo huo kwenye sherehe za tuzo za Oscar, lenye rangi ya ndimu inayoanza kuiva. Wapo waliolicheka waziwazi. Leo linatajwa miongoni mwa magauni yanayokumbukwa sana katika historia ya sherehe hizo. Ndivyo watu walivyo katika mambo ya nguo.

Tufahamu kwanza kwamba mavazi ya namna hii huwezi kuyakuta yametundikwa dukani. Mteja hupimwa mwili wake, akashonewa peke yake, kazi kubwa ikifanywa kwa mkono, na gauni moja linaweza kula mamia ya saa. Mafundi wanaokaa na sindano huko Paris huitwa "mikono midogo". Jina zuri, ila ni jina la mkono tu, mwenye mkono hatajwi. Anayetoka mwishoni kupigiwa makofi ni mbunifu.

Mama watatu, majibu matatu

Picha za onyesho hilo ukizipeleka kwenye mkutano wa akina mama, iwe Mbeya au Iringa, nadhani utapata majibu ya aina tatu.

Mama wa kwanza atauliza, mbona kifua kiko wazi hivyo? Ana haki ya kuuliza, na ambaye amemlea binti wa miaka 16 anaelewa kwa nini. Lakini jukwaa la Paris si mahali pa kwenda ibadani, na hakuna anayetutaka tuvae vile. Hapo sitakaa sana.

Mama wa pili ataanza kupiga hesabu. Gauni moja la aina hiyo linaweza kusomesha watoto wa familia nzima mpaka wamalize. Ni kweli. Lakini tusijifanye watakatifu kupita kiasi. Hata sisi tunao majukwaa yetu, na tiketi yake ni sare. Sare ya kitchen party, sare ya send-off, sare ya harusi, kisha mshono wa mwaka huu haufai kurudiwa mwaka ujao. Yupo mama aliyekopa kwenye kikundi ili asionekane peke yake bila kitenge cha wenzake. Mwenye kuangalia Paris na aangalie na kabati lake.

Mama wa tatu hatasema lolote kwa muda. Atasogeza picha karibu na macho, aangalie shingo ya yule binti, halafu aulize: hizi si zile wanazouza akina mama wa Kimasai pale mjini?

Naam, ni za namna ileile. Na huyu wa tatu ndiye aliyeona jambo.

Sisi tulizionaje?

Turudi nyuma miaka 30 tu kabla ya onyesho hilo. Mwaka 1967 na 1968 serikali yetu iliendesha kampeni huko Umasaini kuwataka watu waache shuka, waache kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na magauni kama raia wengine. Vazi la Mmasai lilihesabiwa kuwa ni aibu kwa taifa changa lililotaka maendeleo. Waliofanya hivyo hawakuwa wageni. Ni ndugu zetu, na wengi wao waliamini kabisa kwamba wanawasaidia.

Kwa hiyo mkufu uleule ambao mama mmoja aliambiwa unamrudisha nyuma, binti wa kizazi kilichofuata aliupandisha jukwaani Paris, watu wakapiga makofi. Shanga hazikubadilika. Kilichobadilika ni shingo.

Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unazungumzia jambo hili bila kuzunguka: mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anaingia, na maskini mwenye nguo chakavu anaingia, halafu tazama nani anapewa kiti. Tumezoea kulisikia likihubiriwa juu ya wageni kanisani. Mimi naliona sokoni.

Mama wa Kimasai amekaa chini, amenyoosha miguu, ametandika kitambaa mbele yake. Huenda ametoka Pawaga, au bonde la Usangu kule Mbarali. Tunasimama tukimwangalia kwa juu, tunashika mkufu kwa vidole viwili, tunauliza bei, halafu tunataja nusu yake. Akikataa tunaondoka polepole, tukijua atatuita. Mara nyingi anatuita, kwa sababu jua linakwenda na nauli ya kurudi haijatimia. Kisha tunaingia duka lenye vioo, tunanunua mkufu wa plastiki uliotoka kiwandani mbali, tunalipa bei iliyoandikwa bila kusema neno. Na binti yetu yuko pembeni anaangalia.

Sisemi mtu asiombe kupunguziwa. Soko ni soko, na yule mama naye anajua kupanga bei. Nasema tuangalie tunampunguzia nani, na nani hatuthubutu kumgusa.

Kazi iliyomo ndani

Shanga zenyewe zina safari ndefu. Ni za kioo, na kwa karne nyingi zilitengenezwa Ulaya, kwanza Venice, baadaye sana katika nchi ya Wacheki, zikaletwa pwani kwa meli na kupandishwa bara na misafara ya wafanyabiashara. Kwa hiyo Paris iliiga kazi ambayo mama wa Kiafrika aliitunga kwa kioo cha Ulaya. Kioo kilikuwa chao. Kuzipanga rangi, kujua nyeupe ikae wapi na nyekundu ikae wapi, ukubwa wa duara ili mkufu ulale vizuri mabegani na uruke mtu anapocheza, hiyo ilikuwa akili ya mama huyo.

Kwa Wamasai kazi hii ni ya wanawake. Mama na ndugu zake humtengenezea binti mikufu ya siku ya kuolewa. Mwenye kujua akimtazama mwanamke anaweza kutambua kama ameolewa. Na liko jambo jingine linalowahusu akina mama wote wenye ndoa: ng'ombe kwa kawaida ni mali inayosimamiwa na mume, lakini fedha ya shanga huwa ni ya mama. Ndiyo inayonunua sukari, dawa, daftari. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, kwa ajili ya kuokoa maji ya Mto Ruaha. Ng'ombe wanapoondoka, pima mwenyewe fedha ya shanga inabeba mzigo gani.

Huko Paris wabunifu waliendelea. Januari 2000 Galliano huyohuyo aliwavisha mabinti mavazi yaliyochanika, kwa mfano wa watu wanaolala nje kando ya mto Seine. Hapo ghadhabu ilikuwa kubwa, na watetezi wa watu wasio na makazi waliandamana. Shanga za 1997 hazikuleta kelele za namna hiyo. Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya Louis Vuitton, kampuni iliyo chini ya kundi lilelile la LVMH lenye Dior, kutoa mavazi ya kiume yenye miraba ya shuka la Kimasai. Safari hii wazee wa Kimasai wa Kenya na Tanzania walikuwa wameanza kuuliza: jina letu na alama zetu vinauza bidhaa duniani, sisi tunapata nini? Wakaunda chombo cha kudai haki hiyo. Kampuni moja ndogo ya mavazi, Koy, ilikubali kulipa ada kwa kutumia michoro yao. Ni mwanzo mdogo, lakini ulionyesha kwamba inawezekana kuomba ruhusa na kulipa.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini tunao mfano wa karibu zaidi. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Iringa vimefika kwenye maduka ya Ulaya na Marekani, na huko huwekwa sebuleni kama pambo la heshima. Hapa tunabebea viazi, na tunalalamika vikipanda bei kidogo. Pale Iringa mjini kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, hufuma, hushona na kutunga shanga. Mgeni anayeingia huwaona wanaotengeneza wakiwa kazini. Ukishaona mtu anavyohesabu shanga moja moja, ulimi wa kutaja nusu ya bei unakuwa mzito.

Ukienda kununua

Geuza mkufu uangalie upande wa nyuma. Kazi nzuri ina uzi au waya uliokazwa sawasawa, hakuna mapengo kati ya shanga, na ncha zimefichwa zisikwaruze ngozi. Shanga za kioo ni nzito kidogo na ni baridi ukizishika, za plastiki ni nyepesi. Mkufu mpana usiutundike kwenye msumari, utajikunja. Uulaze mahali tambarare. Ukichafuka, futa kwa kitambaa chenye unyevu, usiuloweke.

Mwulize aliyeutengeneza jina lake, na rangi zile zina maana gani kwao. Akiwa Kiswahili kinampa taabu, mara nyingi yuko binti yake karibu aliyesoma, atakusaidia. Na kama unataka mkufu wa kuvaa na kitenge chako siku ya sherehe, agiza mapema na uache fedha ya kuanzia, kwa sababu shanga na waya yeye huvinunua dukani kwa fedha taslimu, wiki kadhaa kabla hajaiona fedha yako.