Chai Iliyowekwa Rehani kwa Bunduki

Ndugu wafanyakazi wa Rusizi,

Katika kiwanda kimoja tulichokuwa tukikitembelea kwa kazi ya chama, mashine mpya ya kukaushia chai ilikaa sandukuni zaidi ya mwaka. Siku ilipowashwa, ikaharibika. Muuzaji akauliza: mliipokea lini? Garanti ilikuwa ya mwaka mmoja, nayo ilihesabiwa tangu siku ya kupokea. Basi, imekwisha. Wenzetu wakaambiwa kiwanda kimepata hasara, marupurupu hakuna.

Majeshi nayo hupatwa na balaa hilo. Silaha nyingi hununuliwa zikawekwe ghalani, na garanti huisha zingali na mafuta ya kiwandani. Karatasi iko kwa bwana mkubwa mjini. Kasoro anaiona askari aliye mbali. Asipoandika namba ya chombo, tarehe ya kupokelewa na kasoro yenyewe kabla muda haujaisha, hakuna wa kumdai. Na biashara yenyewe ni ya siri! Nani atauliza?

Lakini muuzaji naye hutaka dhamana yake, kwamba atalipwa. Hiyo ndiyo inayotugusa sisi watu wa chai. Mwezi wa Machi 1992 serikali ya Rwanda ya wakati ule ilinunua kutoka Misri mizinga, bunduki na silaha nyingine za dola milioni 6. Shirika la Human Rights Watch lilitangaza habari za mkataba huo Januari 1994. Sehemu ya malipo iliahidiwa kwa chai ya shamba la Mulindi, kule Byumba. Maana yake, majani ambayo bado hayajachumwa yaliwekwa rehani. Mchumaji aliyeulizwa, sisi hatujamsikia.

Na tazameni yaliyofuata. Mwaka uleule vita vilifika Mulindi, wapiganaji wa RPF wakaishika na kuifanya makao yao makuu. Watu wengi wa Byumba walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Silaha zilizonunuliwa kwa ahadi ya chai hazikuilinda chai hiyo. Nayo chai, mnaijua wenyewe, haimngoji mtu: ukiiacha bila kuichuma inageuka mti.

Katika mkutano ujao wa tawi tutaomba kuonyeshwa karatasi mbili za kila mashine itakayoletwa: ya garanti, yenye tarehe ya kupokelewa, na ya mkopo, tuone ni mavuno ya shamba gani yaliyoandikwa humo.