Pato la Kaya na Kodi ya Kupanga

Mtu akitaka kujua ni nani mwenye nafasi zaidi kati ya watu wawili, kwa desturi huuliza kila mmoja hupata fedha kiasi gani. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa kuuliza pia: baada ya kulipia mahali pa kulala, hubaki nini? Leo tutalitazama jambo hili kama lilivyo katika Uingereza, kwa kuwa huko hesabu yake hufanywa na kutangazwa kila mwaka.

Tangu sheria ya 1982, mpangaji wa huko mwenye pato dogo husaidiwa na serikali kulipa kodi, yaani ile ampayo mwenye nyumba. Tangu 2013 msaada huo umekuwa ukiingizwa kidogo kidogo katika malipo ya pamoja yaitwayo Universal Credit. Penye kodi kubwa, msaada nao huwa mkubwa. Na hapo ndipo penye fumbo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaya mbili, moja ya London na moja ya Newcastle, kila moja hupata mshahara wa pauni 300 kwa juma. Ya Newcastle husaidiwa pauni 100, hivyo pato lake ni 400. Hulipa kodi 120, ikabaki na 280. Ya London husaidiwa pauni 230, hivyo pato lake ni 530. Hulipa kodi 300, ikabaki na 230. Katika daftari, kaya ya London imeizidi mwenzake kwa pauni 130. Sokoni, imepungukiwa kwa 50.

Ndiyo maana Wizara ya Kazi na Pensheni hutoa hesabu mbili: kabla ya gharama za nyumba na baada yake. Mtu huhesabiwa maskini pato la kaya yake likiwa chini ya sehemu 60 katika 100 za pato la kaya iliyo katikati, zote zikipangwa toka ya chini hadi ya juu. Kwa hesabu ya kwanza, London haitofautiani sana na nchi nzima. Kwa hesabu ya pili, karibu mtu mmoja katika kila wanne wa mji huo ni maskini. Kaskazini Mashariki, ambako kodi ni nafuu, badiliko ni dogo zaidi.

Hata hivyo, hesabu ya pili nayo ina upungufu. Mtu aliyejichagulia nyumba kubwa kwa hiari huonekana amepungukiwa, hali anastarehe. Kwa hiyo yapasa kuzisoma zote mbili.

Serikali yenyewe yakiri kwamba mahali si sawa. Aprili 2023, kikomo cha misaada kwa familia zisizo na kazi ya kutosha kiliwekwa pauni 25,323 kwa mwaka katika London, na 22,020 kwingineko. Tofauti hiyo ni kama pauni 63 kwa juma, na mara nyingi tofauti ya kodi huipita.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Fedha inayopita mkononi mwa mpangaji kwenda kwa mwenye nyumba humwandika tajiri katika daftari, wala haimwongezei unga chunguni. Anayegawa msaada kwa kutazama daftari la kwanza peke yake atampita mwenye njaa mlangoni pake.