Ukiruka ngazi mchezoni, vidole hubaki chini

MCHEZO wa kompyuta wa World of Warcraft, ambao huchezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kupitia intaneti, ulipoingia sokoni Marekani Novemba 2004 ulikuwa na sharti moja lisilokwepeka. Kila mhusika alianza katika ngazi ya 1, na mchezaji alipaswa kumpandisha yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, hadi ngazi ya 60.

Safari hiyo iliwachukua wengi wiki nyingi, na baadhi yao miezi. Siku hizi mchezaji anaweza kulipia njia ya mkato na kujikuta karibu na kilele, akiwa na mavazi ya vita, mnyama wa kupanda na safu ndefu ya vitufe ambavyo hajawahi kuvibonyeza.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mhusika ni mkubwa lakini mchezaji wake ni mchanga, na wenzake wanne wanaomsubiri langoni mwa pango hawana njia ya kujua tofauti hiyo mpaka mapambano yaanze.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuucheza mchezo huu, ni vema kueleza kwanza maana ya fani. Kila mhusika ana fani yake: yupo mpiganaji wa upanga, yupo mwindaji, kuhani, mchawi wa moto na barafu, na wengineo. Mwaka 2004 fani zilikuwa tisa. Tangu 2022 zimefikia 13.

Fani hizi hazitofautiani kwa mavazi na silaha tu, bali kila moja ina namna yake ya kufikiri. Mpiganaji hujijaza nguvu kadiri anavyopiga na kupigwa, hivyo huanza pambano akiwa mikono mitupu na kulimaliza akiwa moto. Mchawi huanza na hazina iliyojaa, naye hana budi kuitumia kwa hesabu isimwishie kabla adui hajaanguka.

Aliyezoea moja akihamia nyingine ni sawa na nahodha wa jahazi aliyekabidhiwa usukani wa basi. Barabara anaiona vizuri, lakini mikono yake inatafuta kamba za tanga.

Watu wengi huzichukulia ngazi kuwa ni ushuru tu ambao watengenezaji waliuweka ili kurefusha mchezo na kuvuna malipo ya kila mwezi. Dai hilo lina ukweli wake, maana mchezo huu hulipiwa kila mwezi, karibu dola 15 nchini Marekani. Hata hivyo, ngazi zilikuwa pia shule, na mtaala wake ulipangwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani.

Tuchukue mfano wa mchawi wa mwaka 2004. Alianza na donge la moto pekee la kurusha. Alipofika ngazi ya 4 aliongezewa mshale wa barafu unaompunguza adui mwendo. Katika ngazi ya 8 alipata uwezo wa kumgeuza adui kuwa kondoo kwa muda, na katika ngazi ya 10 akapewa barafu ya kuwagandisha miguu wote waliomzunguka.

Uwezo wa kuruka mbele ghafla na kutoka hatarini haukuja hadi ngazi ya 20, na ule wa kumkatiza adui anayetamka uchawi ulisubiri ngazi ya 24.

Msomaji atazame nafasi iliyopo kati ya kondoo wa ngazi ya 8 na mruko wa ngazi ya 20. Ni siku kadhaa za kucheza. Katika siku hizo mchawi alijifunza, kwa kufa mara nyingi, kwamba kondoo akipigwa hata kidogo hurudia umbo lake na kuja na hasira. Alijifunza kumchagua adui wa kumgeuza kabla vita havijaanza, si baada ya mambo kuharibika. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Maadui wawili waliomvamia kando ya mto ndio waliokuwa walimu wake.

Anayeruka ngazi hupewa vyote hivyo kwa siku moja. Kondoo, barafu, mruko na katizo vimepangwa mbele yake kwa mstari mmoja kama vitu vya mnadani, na hakuna kinachomwambia kipi ni cha kila dakika na kipi ni cha siku ya mauti.

Kampuni ya Blizzard, yenye makao yake Irvine, California, ililegeza masharti ya kupanda ngazi mwaka 2008. Mwaka huo uliletwa utaratibu wa kumwalika rafiki, ambapo wawili hao walipanda haraka mara tatu ya kawaida na mgeni akaweza kumzawadia mwenyeji wake ngazi za bure. Mwaka 2012 waliokuwa wameuacha mchezo walirudishwa kwa kupewa mhusika wa ngazi ya 80 papo hapo.

Mwaka 2014 kampuni ikaanza kuuza ngazi waziwazi. Kwa dola 60, yaani ada ya miezi minne, mchezaji alimpandisha mhusika yeyote hadi ngazi ya 90. Hata toleo la kale, lililorejeshwa kwa ajili ya waliotamani ugumu wa zamani, halikusalimika: mwaka 2021 iliuzwa ruhusa ya kuruka hadi ngazi ya 58 kwa dola 40 hivi, japo mara moja tu kwa kila akaunti.

Lakini somo kubwa kuliko yote katika historia hii lilitokana na fani moja iliyozaliwa Novemba 2008, iitwayo Death Knight, yaani Shujaa wa Mauti. Fani hiyo haikuanza ngazi ya 1 kama nyingine. Ilianza ngazi ya 55, na aliyeruhusiwa kuiunda ni yule tu aliyekwisha kufikisha mhusika mwingine ngazi hiyo.

Watengenezaji walidhani kuwa mtu aliyekwisha kufika 55 anajua kucheza. Alijua, lakini alijua fani nyingine.

Shujaa wa Mauti hakutumia hazina ya uchawi wala hasira ya mpiganaji. Alikuwa na alama sita za kale: mbili za damu, mbili za barafu na mbili za uozo. Kila pigo lilizila baadhi ya alama hizo, na alama iliyotumika ilihitaji sekunde 10 kurudi. Mapigo hayo yalizalisha pia nguvu ya pili ambayo nayo ilikuwa na matumizi yake. Kwa ufupi, mchezaji alilazimika kuendesha saa mbili kwa mkono mmoja.

Aidha, alikuwa na uwezo wa kumvuta adui kutoka mbali na kumtua mbele ya miguu yake. Ni tendo la kupendeza kulitazama, na kila mgeni alilitumia kila lilipopatikana. Katika kundi la watu watano, ambamo mmoja hubeba mapigo ya maadui, mmoja ni mganga na watatu hushambulia, tendo hilo lilimnyang'anya mbeba mapigo adui wake na kumwangushia mganga kazi asiyoitarajia.

Hivyo mwaka wa kwanza wa fani hiyo ulijaa kejeli. Kutaja tu kwamba wewe ni Shujaa wa Mauti kulitosha kuwafanya baadhi ya makundi yakufungie mlango, hata kama ulikuwa stadi. Ilipofika Desemba 2009, mchezo ulipoanza kuwaunganisha watu wasiofahamiana katika kundi moja na kuwapa kura ya kumfukuza mwenzao, asiyejua fani yake aliweza kutupwa nje katikati ya pango bila hata neno la kwa heri.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, lawama hizo hazikuwa za haki, kwa sababu fani hiyo ilikuwa na darasa lake la kuanzia, tena zuri, ambamo hadithi iliyokwenda kasi ilimwongeza mchezaji uwezo kidogo kidogo. Kasoro ni kwamba darasa hilo lilimalizika kwa saa chache, na adui wake wengi walikuwa dhaifu mno. Mtu alihitimu bila kuwahi kulazimishwa kujiokoa.

Inaelekea Blizzard walilitambua jambo hilo. Toleo la Novemba 2014 lilipotoka, mhusika aliyepandishwa kwa fedha hakukabidhiwa vitufe vyote kwa mara moja. Alianza na vichache, na vingine vikafunguliwa kadiri alivyosonga mbele katika msitu wa mwanzo. Katika toleo hilo hilo, aliyetaka kupangiwa kundi la mapango magumu alipaswa kwanza kupata nishani ya fedha katika uwanja wa majaribio, akiwa peke yake mbele ya kompyuta.

Sasa, mtu ambaye ameshalipa na ameshafika, afanyeje?

La kwanza ni kuondoa vitufe vyote kwenye skrini. Wengi huogopa kufanya hivyo, lakini hakuna kinachopotea, kwani vyote hubaki katika kitabu cha mhusika. Kisha asome maelezo ya kila kimoja na kuvipanga kwa kazi: vya kuumiza, vya kujikinga, vya kumzuia adui na vya kusafiri. Arudishe vitatu au vinne vya kuumiza na kimoja cha kujikinga, basi.

Akiwa na hivyo vichache aende mijini, Stormwind au Orgrimmar, ambako kuna sanamu za mazoezi zisizorudisha pigo. Hapo ndipo pa kujifunza mdundo. Katika fani nyingi, baada ya kubonyeza kitufe kimoja mchezaji hungoja takribani sekunde moja na nusu kabla kingine hakijakubali. Maana yake ni kwamba katika dakika moja hupata nafasi 40 hivi za kutenda. Mgeni hupoteza nusu yake akitafuta kitufe kwa macho.

Ndiyo maana wazoefu husisitiza kutumia kibodi badala ya kubofya kwa kipanya. Vidole vikishajua mahali pa kitufe, macho huwa huru kutazama uwanja wa vita, ambako ndiko hatari iliko.

Sanamu, hata hivyo, lina udhaifu wake. Halisogei wala haliroghi, na halimfi mtu mikononi. Anayelipiga wiki nzima atakuwa mpigaji hodari wa masanamu. Baada ya saa moja au mbili mchezaji aondoke, aende porini kwa maadui waliopungua nguvu, kisha waliolingana naye, akiongeza kitufe kimoja tu kila kile cha awali kinapokuwa mazoea. Kwa kufanya hivyo anajitengenezea upya ngazi alizoziruka, tofauti ikiwa kwamba atazimaliza kwa siku chache.

Kitufe kinachosahaulika kuliko vyote ni kile cha kumkatiza adui anayetamka uchawi. Hakiongezi namba yoyote ya kujivunia, kwa hiyo mgeni hukiweka pembeni. Lakini katika mapango mengi uchawi mmoja ulioachwa umalizike ndio unaoangamiza kundi zima. Kwa wachezaji wa Dar es Salaam au Nairobi kuna shida ya ziada: kompyuta za kampuni zinazoendesha mchezo zipo mbali, ng'ambo ya bahari, na amri huchelewa kidogo kufika. Sehemu ndogo ya sekunde si kitu katika maisha ya kawaida, ila katika kukatiza uchawi inamlazimu mtu kubonyeza mapema kuliko macho yanavyomwambia.

Pango la kwanza linaweza kuingiwa bila kumsumbua mtu. Tangu Januari 2024 mchezo unaruhusu baadhi ya mapango kuchezwa na wenzi wanne wanaoendeshwa na kompyuta, ambao hawatukani wala hawapigi kura. Watamngoja msomaji asome kila kitufe akitaka.

Akishazoea, ndipo aende kwa watu. Sentensi moja mwanzoni, kwamba fani hii ni mpya kwake, husaidia zaidi ya inavyotarajiwa. Wapo watakaoondoka, na ni afadhali waondoke mlangoni kuliko katikati ya vita. Wanaobaki mara nyingi huwa ni watu wenye subira ya kufundisha. Akifa, asifunge dirisha la kumbukumbu ya pambano kabla hajasoma ni pigo gani lililommaliza, na kama kitufe chake cha kujikinga kilikuwa tayari wakati ule. Mara nyingi atakuta kilikuwa tayari.

Kuhusu fani ya kuchagua, anayeruka ngazi kwa mara ya kwanza asianze na kazi ya mganga, hata kama makundi yanaitafuta mno. Kundi likiwa na washambuliaji watatu, mmoja akisuasua wawili wanaweza kumvusha hadi mwisho wa pango. Mganga ni mmoja. Kuhani wa mwaka 2004 alipata uponyaji wa haraka katika ngazi ya 20 na ule mkubwa wa polepole katika ngazi ya 40, na katikati yake alikuwa na muda mrefu wa kujua ni jeraha gani linaloweza kungoja.

Na kabla ya kutoa fedha, ni busara kuulizia utaratibu ulioanzishwa mwaka 2016 wa kuijaribu fani ikiwa tayari imepandishwa, kwa muda maalumu, bila malipo ya ziada. Jioni moja na sanamu la Stormwind inatosha kumwonyesha mtu kama mdundo wa fani hiyo unaingia vidoleni mwake au la.