Kuzima viini vya prosesa kwaweza kuongeza kasi ya mchezo

WAHENGA walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Watengenezaji wa prosesa za kompyuta wameufuata usemi huo tangu 2005, Intel na AMD zilipoanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani. Leo zipo zenye viini 16 na zaidi.

Hata hivyo, baadhi ya wapenzi wa michezo ya kompyuta huvizima baadhi ya viini hivyo, na mchezo ukazidi kasi.

Kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu kivyake. Kazi kama kutayarisha video hugawika kwa urahisi, kila kiini kikapata fungu lake. Mchezo haugawiki hivyo. Aghalabu huwa na mkondo mmoja mkuu wa kazi, na mikondo mingine huusubiri. Kwa hivyo wepesi wa viini vichache hufaa kuliko wingi wa viini vyote.

Umbali baina ya viini nao huchelewesha kazi. Prosesa ya Ryzen 9 7950X3D, ambayo AMD iliizindua 2023 kwa dola 699 za Marekani, ina viini 16 katika vipande viwili. Kipande kimoja kina megabaiti 96 za kumbukumbu ya akiba, kingine 32 pekee. Mchezo ukitawanywa kwenye vipande vyote viwili, data husafiri huku na huko na muda hupotea. Ndiyo sababu programu ya AMD hukilaza kipande cha pili mchezo unapoanza.

Mwaka uo huo, Ryzen 7 7800X3D yenye viini vinane ilitoka kwa dola 449, ikatoshana na ndugu yake huyo katika michezo mingi, na mara nyingine ikamshinda.

Kwa upande wa Intel, prosesa zake za 2021 zilichanganya viini vikubwa na vidogo. Programu za kuzuia wizi wa michezo zikadhani viini vidogo ni kompyuta nyingine, na baadhi ya michezo ikagoma. Hadi marekebisho yalipotolewa, suluhisho lilikuwa kuvizima viini vidogo.

Lakini dawa hii haimfai kila mgonjwa. Michezo mingi ya sasa hutumia viini sita au vinane, na prosesa iliyopunguzwa mno huufanya mchezo ukwamekwame. Isitoshe, kiini kilichozimwa kwenye BIOS hubaki kimezimwa hata kwa kazi nyingine. Na ikiwa kinacholemewa ni kadi ya michoro, kuzima viini hakutabadilisha lolote.

Busara ni kuanza kwa kusasisha BIOS na mfumo wa Windows, kisha kuuelekeza mchezo kwa viini fulani kupitia Windows yenyewe bila kuzima chochote. Mchezaji apime idadi ya fremu kwa sekunde kabla na baada, hasa kiwango cha chini kabisa, maana hapo ndipo jicho huona kukwama.

Na kwa anayejiandaa kununua kompyuta ya kuchezea tu, kulipia viini 16 ili avizime vinane ni hasara. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.